Vibali kwanza, hojaji baadaye

Ukiwa unasomea uzamivu wa uongozi wa elimu hapa Kenya, pendekezo la utafiti likipita tu, anza kufuatilia vibali siku hiyohiyo. Kamati ya maadili ya chuo, halafu leseni ya NACOSTI (tume ya taifa inayoidhinisha utafiti), halafu ofisi ya Kamishna wa Kaunti na ya Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti. Kila ofisi ina foleni yake.

Mimi nilifika shule moja ya sekondari katikati ya Oktoba na hojaji zangu kwenye bahasha ya kaki. Mwalimu mkuu alinikaribisha vizuri, akaigeuza barua yangu akitafuta muhuri wa kaunti, asiuone. Kisha akanionyesha ukutani ratiba ya KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Nikarudi Januari, na uchungu wa miezi ile bado ninao.

Kwa mahojiano na wakuu wa shule, lenga wiki ya tatu au ya nne ya muhula: pilkapilka za karo zimepungua na mitihani haijaanza. Nakala moja ya vibali mwachie katibu wa shule, maana yeye ndiye anayeshika shajara ya mkuu.