Kufunga na kupanga mguu bandia wenye mota kwenye kifundo

Usianze kwa kuwasha mota. Kifundo cha aina hii, mfano Empower ya Ottobock, humsukuma mtu pale wayo unapobanduka chini, kazi ambayo kwa mguu wa asili hufanywa na misuli ya shavu la mguu. Mota haijui kama soketi, yaani kikombe kinachobeba kigutu, imekaa upande. Inasukuma tu, na kosa dogo ambalo mguu bandia usio na mota ungelivumilia hugeuka maumivu ya goti.

Kwanza pima nafasi. Kutoka ncha ya kigutu hadi sakafuni unahitaji takriban sentimita 22 za kifaa chenyewe, pamoja na unene wa soketi na viungio vyake. Kigutu kirefu hukosa nafasi hiyo, na hakuna ujanja wa kufupisha mota. Kisha angalia soketi inavyoshika. Kifaa na betri yake hukaribia kilo 2, na uzito wote uko chini, kwa hiyo huvuta soketi kila hatua. Chora alama ya kalamu kwenye laina (ala laini inayovaliwa juu ya kigutu) usawa wa ukingo wa soketi, mtu asimame, kisha ainue mguu. Alama ikisogea zaidi ya milimita 5, rekebisha soksi au kishikizo kabla ya kuendelea.

Mezani, valisha wayo kiatu kile kile atakachotembelea. Kiatu kingine chenye kisigino tofauti kitaharibu kazi yote. Weka pima maji juu ya meza, inamishe soketi mbele nyuzi 5 (zaidi kama goti halinyooki lote), na geuza vidole nje nyuzi 5 hadi 7. Ukitazama kwa nyuma, kitovu cha kisigino kikae upande wa ndani, unaoelekea mguu wa pili, wa mstari wa katikati ya soketi kwa takriban sentimita 1. Kwa ubavuni, timazi inayoshuka kutoka katikati ya soketi iangukie alama iliyotolewa na mtengenezaji. Fundi aliyezoea SACH, wayo bandia wa kawaida usio na kiungo cha kifundo, asihamishie hapa vipimo vya SACH, kwa sababu kisigino laini cha SACH hunywea kwa namna nyingine kabisa.

Piramidi, kiungio kati ya wayo na bomba la mguu, ina skrubu nne. Kubadili pembe, legeza moja na ukaze inayoikabili kwa kiasi kile kile. Ukitaka kuuondoa wayo bila kupoteza pembe, legeza mbili zilizo jirani tu na uziache mbili nyingine kama zilivyo.

Sasa asimame katikati ya vyuma vya kushikilia, mota ikiwa imezimwa. Shika mifupa ya nyonga pande zote mbili. Kama haiko sawa, tia vibao vya milimita 5 chini ya mguu mfupi hadi ilingane, halafu rekebisha urefu wa bomba. Wayo ulale sawa sakafuni: karatasi isipite chini ya kisigino wala chini ya vidole.

Akitembea, goti ndilo linalosema. Likirushwa mbele mara kisigino kinapogusa, wayo umeinuliwa vidole mno au soketi imekaa mbele mno. Likisukumwa nyuma katikati ya hatua, vidole vimeinamishwa mno au wayo uko mbele mno. Likienda nje, wayo umeingia ndani kupita kiasi, na likienda ndani, umetoka nje. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, robo ya mzunguko wa skrubu. Ukigusa viwili hutajua kipi kilichosaidia.

Hapo tu ndipo unaunganisha tableti kwa Bluetooth. Anza na nguvu ya chini kabisa, atembee mita 10 mara kadhaa kwa mwendo wake, kisha panda kidogo kidogo. Tazama wakati wa msukumo kuliko ukubwa wake. Ukija mapema, mwili hupandishwa juu badala ya kwenda mbele, na mtu huona kama anaruka. Ukichelewa, wayo umeshaondoka chini na nguvu yote inapotelea hewani. Jaribu mwendo wa polepole, wa kawaida na wa haraka, kisha mteremko na mlima. Aliyezoea mguu usio na mota huendelea kuinua nyonga ili wayo usikwaruze chini. Hilo ni mazoea, usilitibu kwa kuongeza nguvu.

Baada ya dakika 15 vua na ukague ngozi. Wekundu usiofifia ndani ya dakika 10 unaonyesha mahali soketi inapobana, kwa mfano mbele ya mfupa wa muundi.

Yote yakitulia, toa skrubu moja moja, tia gundi ya kuzuia kulegea, kaza kwa spana ya torki hadi kipimo kilichoandikwa kwenye mwongozo (piramidi nyingi ni nyutoni-mita, Nm, 15), na weka rangi kwenye vichwa vyake ili kulegea kuonekane kwa macho. Mpe betri ya akiba na umwonyeshe kuibadilisha akiwa ameketi.