SOMO: Altezza ya zamani – kuinunua, kuiweka sawa, ndipo uifanye yako

Wakuu, somo hili ni la wanaoitamani Toyota Altezza kila ikiwapita barabarani imeinama na ekzosi inaunguruma. Gari lilitoka Japani mwaka 1998, likatwaa tuzo ya Gari la Mwaka kule kwao, na uzalishaji ukakoma 2005. Kwa hiyo hata changa kabisa ni mtu mzima sasa. Msimamo wangu nauweka mapema: pesa ya kwanza iende kwenye vitu visivyoonekana, na usikate chochote usichoweza kurudisha.

HATUA YA 1: Jua ni ipi
Fungua boneti usome kibati. SXE10 ndiyo RS200: injini 3S-GE, silinda 4, lita 2, VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadili muda wa valvu kufunguka) kwenye kemshafti zote mbili. Ya manyuo ina gia 6 na ilitangazwa na nguvu za farasi 210, ya otomatiki 200. GXE10 ndiyo AS200: injini 1G-FE ya silinda 6, nguvu ndogo zaidi, lakini imetulia na ni tamu kwenye safari ndefu. Zote zinasukumwa na matairi ya nyuma, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Nembo ya RS200 kwenye buti isikubabaishe, hiyo inabandikwa tu. Namba ya chesesi na ya injini zilingane na kadi. Zisipolingana, aga uondoke.

HATUA YA 2: Ukaguzi
Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa boneti. Ikiwa ya moto, kuna kitu hataki ukisikie. Kwenye RS200, kitu hicho mara nyingi ni mlio wa kukereza upande wa mbele wa injini, sekunde chache tu baada ya kuiwasha ikiwa baridi. Unatoka kwenye gia ya VVT-i, na kwa kawaida ni gari lililocheleweshewa oili. Utaambiwa "ndivyo zilivyo hizi". Sivyo zilivyo.

Uliza taimingi belti ilibadilishwa lini. Inatakiwa kila kilomita 100,000. Hakuna risiti wala kibandiko cha fundi? Hesabu kwamba haijabadilishwa, na toa gharama hiyo kwenye bei. Ikikatikia barabarani kwenye 3S-GE, valvu zinakutana na pistoni, na hapo unatafuta injini nyingine.

Kisha nenda chini. Weka jeki, tairi la mbele lining'inie, ingiza bomba la chuma chini ya tairi na ulinyanyue taratibu huku mwenzako akitazama boli jointi ya chini, yaani kiungo kinachoshikilia tairi kwenye mkono wa chini wa sasipensheni. Ikicheza hata kidogo, ibadilishe kabla hujavuka mkoa, maana ikichomoka tairi linalala ubavuni na gari halishikiki tena. Hapa sipendi utani kabisa. Mtu anatoa mamilioni kununua rimu, halafu anasema boli jointi "itasubiri mwisho wa mwezi".

Kama gari limeishi Tanga, Zanzibar au popote chumvi inapofika, nyanyua zulia la buti, toa tairi la akiba na uangalie kutu pale chini.

HATUA YA 3: Sevisi ya kuanzia sifuri
Hata kama muuzaji ni shemeji yako, badilisha oili ya injini, ya giaboksi na ya difu, plagi, filta zote na mafuta ya breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu taratibu, ndiyo maana hata gari lisilotembea sana linahitaji mapya kila baada ya miaka 2 hivi. Kwenye redieta weka kulanti, siyo maji ya bomba. Halafu soma tarakimu 4 za mwisho za DOT ubavuni mwa tairi: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri na mpira ukawa umeshakufa.

HATUA YA 4: Kuishusha
Hapa ndipo magari mengi yanapoharibiwa. Fundi anachukua grainda, anakata springi mzunguko mmoja na nusu, gari linashuka, picha zinapigwa, kila mtu anafurahi. Sasa likanyage tuta. Springi iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kikombe chake. Tairi likining'inia inalegea na inaweza kuhama. Shokapu nayo ilitengenezwa kwa urefu wa zamani, kwa hiyo inafanya kazi ikiwa imeshabanwa karibu na mwisho wake. Inakufa mapema, na wewe unakuwa unaruka kama mbuzi.

Altezza ina wishboni mbili (mkono wa juu na wa chini kwa kila tairi) mbele na nyuma, mfumo mzuri kuliko wa magari mengi ya bei yake. Usiuue. Tafuta springi fupi zilizotengenezwa kwa gari hili pamoja na shokapu zinazoendana nazo, au koilova (shokapu na springi pamoja, unarekebisha urefu) za mtumba ambazo hazivuji. Kushuka sentimita 3 kunatosha kwa matuta yetu. Ukimaliza, lazima ufanye alaimenti, la sivyo matairi ya nyuma yatalika upande wa ndani bila wewe kuona.

HATUA YA 5: Rimu
Matundu ya nati ni 5x114.3 (matano, kwenye duara la milimita 114.3), tundu la katikati milimita 60.1, nati 12x1.5. Saizi ya tairi ya kiwandani kwenye matoleo ya juu ni 215/45R17, yaani rimu ya inchi 17, na binafsi sioni sababu ya kwenda inchi 19. Rimu yenye tundu kubwa la katikati iwekewe ringi, vinginevyo stelingi inaweza kutetemeka ukikimbia.

HATUA YA 6: Ekzosi, umeme na mengineyo
Ekzosi: badilisha mafla ya nyuma tu, masega (kile kichujio cha moshi, katalitiki) yaache. Ukiyatoa unapata kelele, harufu, na taa ya injini kwenye dashibodi. Filta ya wazi bila kuikinga inavuta joto la injini, kwa hiyo unachonunua ni sauti tu. Muziki na taa za ziada zipitie fyuzi na rilei, asikudanganye fundi wa kukwangua waya na kuzungushia selotepu. Ndani, badilisha kitambaa na kishikio cha gia utakavyo, ila ile saa ya spidi yenye vijisaa vidogo ndani yake usiiguse. Hakuna gari la rika lake lenye dashibodi kama ile.

HATUA YA 7: Stoo
Kila ulichokitoa, kifute, kifunge, kiandike jina. Mnunuzi anayejua gari atauliza springi na ekzosi za kiwandani, na ukiwa nazo bei inabadilika.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Nakuru): Boss, naweza kuiagiza moja kutoka Japani?
Jibu: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Altezza ya mwisho ni ya 2005. Tafuta zilizomo humo nchini tayari. Spea zianzie Kirinyaga Road, Nairobi.

Swali (Mwanza): Mkuu, ninayo AS200 otomatiki. Kuigeuza manyuo inawezekana?
Jibu: Inawezekana. Utahitaji giaboksi, klachi yote, pedali, propela shafti na kontrol boksi yake, na fundi umeme anayejua anachofanya. Piga hesabu vizuri. Mara nyingi kuuza hiyo na kuongeza kidogo upate ya manyuo ni nafuu, na hulali gereji miezi.

Swali (Dodoma): Nifunge 2JZ, mkuu?
Jibu: Inakaa. 2JZ ni injini ya Toyota ya silinda 6, lita 3. Toyota wenyewe waliifunga 2JZ-GE, ile isiyo na tabo, kwenye Altezza Gita AS300 (Altezza ya stesheni wagoni) na Lexus IS300. Ila anza na breki, kisha peleka mabadiliko ya namba ya injini yaingizwe kwenye kadi, na bima waarifiwe. Ukinyamaza halafu ukapata ajali, umewapa sababu ya kukataa kulipa.

Swali (Moshi): Kaka, taa za mbele zimekuwa njano. Dawa ya meno inasaidia kweli?
Jibu: Siku chache tu, dada, kisha zinarudi. Zungushia maskingi tepu, piga msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 2000, mpaka maji yanayotiririka yaache kuwa ya njano. Malizia na polishi, halafu kliya (vanishi angavu) yenye kinga ya jua. Bila hiyo kliya jua litazirudisha palepale.

Swali (Kigamboni): Za nyuma zenye kioo cheupe je? Naona hadi magari mengine wanaziweka.
Jibu: Mtindo huo hata Marekani waliuita taa za Altezza, maana umaarufu wake ulianzia kwenye gari hili. Kwa hiyo wewe ndiye mwenye haki nazo, usinunue feki. Tafuta za kiwandani mitaa ya spea za mtumba Ilala, na kabla hujalipa washa taa ya breki mchana wa jua uone kama inaonekana.