Kabla ya kuwasha turbo mpya, inyweshe oili kwanza

Ndugu zangu mnaofufua Land Cruiser za zamani hapa Uganda: turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) nyingi tunazonunua Kisekka, soko la vipuri la Kampala, hazifi kwa ubovu wake. Zinauawa siku ya kufungwa kwenye injini.

Ile paipu nyembamba inayopeleka oili kwenye turbo, usiirudishe ya zamani. Niliwahi kuikata moja kwa msumeno: ndani masizi yameganda hadi tundu limebaki jembamba kama sindano. Nunua mpya. Na fundi asipake silikoni kwenye viungo vya oili, tafadhali! Kipande kikimeguka, kinaziba njia na shafti, yaani mhimili wa turbo, inazunguka kavu. Weka gasketi yake. Paipu ya kurudisha oili iteremke moja kwa moja hadi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), isipinde juu popote, maana oili hiyo hurudi kwa uzito wake tu.

Sasa mimina oili safi kwenye tundu la turbo la kuingizia oili huku ukizungusha shafti kwa kidole. Chomoa waya wa solenoidi, ile swichi ya umeme inayozima dizeli kwenye pampu, injini isiwake, kisha piga stata sekunde 10, pumzika, rudia mpaka oili itoke kwenye paipu ya kurudishia. Hapo rudisha waya, washa, uiache iungurume taratibu dakika chache bila kukanyaga mafuta.

Na ukishapanda mlima wa Kapchorwa na mzigo, usizime papo hapo. Iache iungurume taratibu dakika mbili, turbo ipoe.