Mama Amepata Kiharusi Nyumbani: Kusimamia Tiba ya Viungo Kisumu au Nakuru Ukiwa Ng'ambo

Mzazi akipooza upande mmoja, pesa za kutoka ng'ambo huenda haraka kwa wachuaji na mashine ndogo za umeme. Hivyo vinaweza kupunguza maumivu kwa muda, lakini havimfundishi mtu kusimama. Ubongo hujifunza upya kwa kulirudia tendo lenyewe, mara nyingi na kila siku, na mafanikio makubwa huonekana zaidi katika miezi 3 hadi 6 ya kwanza. Mtaalamu wa tiba ya viungo (fiziotherapia) akifika nyumbani mara mbili kwa wiki, dakika 45 kila mara, hiyo ni saa moja na nusu kati ya saa 168. Kwa hiyo lipia zaidi mafunzo ya yule anayeshinda na mama, awe dada, mkaza mwana au msichana wa kazi. Na umlipe pia yeye, maana kazi hii ni nzito.

Anza na mtaalamu. Sheria ya mwaka 2014 inataka mtaalamu wa fiziotherapia nchini Kenya awe amesajiliwa na Baraza la Fiziotherapia, kwa hiyo omba kuiona leseni yake ya kazi kabla ya kutuma chochote. Idara za fiziotherapia zipo hospitali ya Jaramogi pale Kisumu (wenyeji bado huiita Russia), hospitali ya rufaa ya Nakuru, Kakamega, na Moi kule Eldoret. Hata ukipendelea mtu wa kuja nyumbani, mama aanzie hospitalini, apimwe na aandikiwe mpango. SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Hakikisha amesajiliwa, na muulize mhudumu wa kituo ni vipindi gani vinalipiwa kabla hamjaanza.

Muulize mtaalamu maswali matatu: katika wiki 4 zijazo mama anatarajiwa kufanya nini peke yake? Nani nyumbani atafundishwa, na atafundishwa nini? Mazoezi ya kila siku yameandikwa wapi? Akijibu kwa kutaja mashine tu, tafuta mwingine.

Kisha kuna bega, na hapa ndipo familia nyingi huumiza bila kujua. Kiungo cha bega hushikiliwa zaidi na misuli. Misuli ikilegea, uzito wa mkono huuvuta mfupa chini. Ukipapasa chini ya ncha ya bega unaweza kuhisi bonde linaloingia kidole. Sasa mtu akija kumwinua mama kwa kumvuta mkono ule, au kwa kumnyanyua kwapani, anazidi kukinyoosha kiungo kilicholegea. Maumivu yanayofuata huweza kudumu miezi, na mama atakataa mazoezi yote. Mkono uwekwe juu ya mto anapokaa na anapolala. Kumwinua, mfunge leso (kanga) imara au mkanda mpana kiunoni, na msaidizi ashike hapo, akisimama upande ulio dhaifu.

Kusimama kutoka kitini ni zoezi lenye faida kubwa, na halihitaji kifaa. Kochi la sebuleni halifai, kwa sababu mtu huzama ndani yake. Tafuta kiti kigumu cha urefu wa sentimita 45 hadi 50, kimeegemezwa ukutani. Asogeze makalio hadi ukingoni. Miguu irudi nyuma kidogo ya magoti, mguu dhaifu ukiwa nyuma zaidi ya mzima ili ubebe uzito. Ainame mbele hadi pua ipite juu ya vidole vya miguu, ndipo ainuke. Wengi hushindwa kwa kuwa miguu imewekwa mbele mno na mwili umeegemea nyuma. Msaidizi humvuta, naye mgonjwa hujikaza kurudi nyuma. Mara 5, awamu tatu kwa siku, zinatosha kuanzia. Akizoea, ziongezeke hadi 10.

Kiganja kinachojikunja kisipewe mpira wa kufinya. Kufinya anakujua tayari. Kinachomshinda ni kufungua. Akae kando ya meza, kiganja kifunguliwe polepole kuanzia kidole gumba, kilazwe juu ya meza, kisha aegemee taratibu kwa dakika chache. Usiruhusu mtu anyooshe vidole au bega kwa nguvu hadi mama alie.

Fimbo ishikwe kwa mkono mzima. Akisimama wima amevaa viatu, mkono umening'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Mpangilio ni fimbo, mguu dhaifu, kisha mguu mzima. Avae viatu vilivyofunga kisigino. Malapa ni hatari, hasa mguu ukiburuta. Mguu unaoburuta huweza kusaidiwa na kifaa cha kushikilia kifundo, kitakachopimwa kwenye karakana ya viungo bandia hospitalini. Usimnunulie hicho mtandaoni kwa kukisia: kisipomkaa vizuri kitachubua ngozi ambayo huenda haihisi kitu.

Kwa sababu hiyo hiyo ya ganzi, maji moto yapimwe na msaidizi kwa kiwiko chake mwenyewe, kamwe si kwa mkono wa mgonjwa. Asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila saa 2, na visigino na sehemu ya juu ya matako vikaguliwe. Wekundu au weusi usiopotea ni mwanzo wa kidonda.

Kwenda kliniki, tuktuk ni afadhali kuliko boda boda. Akae kwanza, makalio yaingie kabisa, ndipo miguu ifuatie. Nyumbani, choo cha shimo kikihitaji kuchuchumaa, weka kiti chenye tundu na vishikio viwili vilivyokazwa imara.

Kufuatilia ukiwa mbali, omba video moja kila Jumamosi: kiti kile kile, viatu vile vile, simu ikiwa mita 3 kando yake, kwenye kimo cha kiuno, miguu ionekane. Pima sekunde anazotumia kusimama na kukaa mara 5, kisha sekunde za kuinuka, kutembea mita 3, kugeuka na kurudi kuketi. Msaidizi awe karibu, mkono kwenye leso. Ziandike. Namba hizo zitakuambia zaidi kuliko "anaendelea vizuri". Aliye Minneapolis atatamani kipindi kifanywe saa kumi jioni, kwake ikiwa saa mbili asubuhi majira ya joto, lakini wagonjwa wengi huwa na nguvu asubuhi. Acha afanye saa nne, wewe utazame video baadaye.

Presha ipimwe kabla ya mazoezi. Namba ya juu ikizidi 180, au ya chini ikizidi 110, mazoezi yasubiri na daktari apigiwe. Shavu la mguu likivimba upande mmoja, liwe na joto au maumivu, lisichuliwe kabisa: huenda ni damu iliyoganda, nayo ikisafiri hadi mapafuni inaua. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Uso ukipinda upya, maneno yakikwama au mkono ukaishiwa nguvu ghafla, msimsubiri mtaalamu wa viungo. Aende moja kwa moja hospitali yenye mashine ya CT (ya kupiga picha za ubongo), na mwandike saa dalili zilipoanza, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tu.