Kabla hujahamishia mafaili ya ofisi kwenye klaudi

Wenye seva za ofisi huko Posta na Kariakoo, kabla hamjahamishia data klaudi (hifadhi ya kukodi mtandaoni), pigeni kwanza hesabu ya laini. Terabaiti 10 kwenye intaneti ya megabiti 100 kwa sekunde ni zaidi ya siku 9, usiku na mchana, tena bila mtu mwingine kuitumia. Wikiendi moja haitoshi kabisa! Anzeni mapema kunakili mzigo mkubwa nyakati za usiku, watu wakiendelea na kazi kwenye seva ya zamani. Rsync au rclone, programu za kunakili mafaili, hupeleka kilichobadilika tu. Ijumaa jioni zuieni watu kuandika kwenye seva, malizieni mabadiliko, linganisheni cheksamu (namba inayokokotolewa kutoka kwenye faili; ikifanana pande zote mbili, nakala iko sawa). Na tafadhali, diski za zamani msizifute mpaka mhasibu afungue mafaili yake klaudi na kuyasoma.