Ukipika Hosteli Uingereza, Mlango wa Jiko Ufunge

Nianze na lililoniuma mimi. Mwanafunzi aliyetoka Lamu, awe wa Mkomani au Langoni, amezoea jiko la juu kabisa, karibu na paa, upepo wa bahari unapita na moshi unakwenda zake. Mafuta yakianza kufuka, mkono wenyewe unakwenda kufungua mlango. Kwenye hosteli za Uingereza, mlango huo ndio mtego.

Jikoni, mara nyingi kifaa kilichobandikwa juu ni cha kuhisi joto, hakina habari na moshi wa samaki wako. Cha kuhisi moshi kiko koridoni na vyumbani. Ukifungua tu, moshi wa changu mmoja unatoka, king'ora kinalia jengo zima, na watu wanashuka nje usiku na nguo za kulalia. Kisha inakuja barua. Mimi nilikatwa pesa kwenye amana, na nilipokata rufaa nikajibiwa kwa nakala ya mkataba, mstari mmoja umepigiwa rangi: mlango wa jiko usizuiwe kujifunga.

Utakuta wengine wameutilia kabari, au mfuko wa mchele. Uondoe, hata kama si wewe uliyeuweka. Feni iwashe kabla mafuta hayajapata moto. Dirisha fungua, mlango funga. Narudia kwa mgeni aliyefika jana: dirisha fungua, mlango funga.

Wenyeji hawatakugombeza. Watasimama baridini kimya, asubuhi ukute kikaratasi kwenye friji. Bora wangenitukana yakaisha! Ila hofu yao ina sababu: mwaka 2017 moto wa jengo la Grenfell, London, ulianzia kwenye friji ya jikoni, wakafa watu 72. Tangu nijue hilo, kelele za majaribio ya king'ora ya kila mara nazivumilia.

Sasa nyinyi akina mama na shangazi, kwa heshima zote. Mtoto akikupigia video huku samaki anafuka, usimwambie "fungua mlango moshi utoke". Udi na chetezo msimfungie, chumbani ndiko kiliko kifaa cha moshi. Samli na nyama kutoka kwetu haziruhusiwi kuingia Uingereza, zikionekana uwanja wa ndege zinachukuliwa. Na zile sufuria za aluminiamu mnazojaza kwenye sanduku hazishiki moto kwenye majiko ya induksheni, yale ya umeme yanayopasha kwa nguvu ya sumaku. Sumaku isiponata kwenye kitako cha sufuria, iacheni nyumbani, uzito huo mtieni kanzu.

Mapishi yenyewe si kazi kubwa, hata kwa aliyekuwa akitengewa chakula tangu utotoni. Anza na wali wa nazi. Mbuzi na kifumbu huna, nunua tui la kopo na usilitikise: zito limejikusanya juu, jepesi liko chini. Jepesi liongeze maji na chumvi, upikie mchele uliooshwa. Maji yakikaribia kukauka, mimina lile zito, koroga mara moja basi. Makaa ya kupalia hakuna, kwa hiyo bana foili chini ya kifuniko na ushushe moto hadi mwisho. Jiko la umeme la sahani hubaki na joto hata ukilizima, lizime mapema, wali ujiive wenyewe. Ukisikia unatatarika, umechelewa, lakini ukoko nao ni chakula.

Samaki wa kupaka muweke kwenye oveni, juu ya karatasi, ukimpaka tui lenye ukwaju na pilipili kila anapokauka. Moshi ni mdogo kuliko wa kukaanga. Mahamri ngoja kwanza, mpaka umezoea mafuta mengi kwenye jiko lisilokuonyesha moto. Mafuta yakiwaka, usimwagie maji kamwe: zima jiko ikiwa unafika bila kuungua, toka, ufunge mlango nyuma yako, upige 999, nambari ileile ya kwetu.

Iliki na bizari nunua maduka ya Wahindi na Wabangladeshi, kwa mfuko. Kichupa cha supamaketi hakimalizi hata pilau moja.