Jinsi ya kuzuia bakteria sugu wa utumboni wasienee nyumbani

Nafanya kazi maabara. Naotesha bakteria wa kwenye mkojo wa wagonjwa katika sahani, kisha juu yake napanga vikaratasi vya mviringo vyenye dawa. Dawa ikiwaweza bakteria, kikaratasi huzungukwa na duara tupu. Wakiwa sugu, huota mpaka ukingoni mwake. Sahani za namna hiyo zinanitia wasiwasi, hasa mwenye mkojo anapokuwa mtu ambaye hajawahi kulazwa. Mara nyingi ni E. coli, aina ya bakteria wa utumboni, waliotoka utumboni mwake mwenyewe, na huko waliingia kwa mdomo.

Anayewabeba utumboni tu haumwi wala haharishi, na anaweza kukaa nao kwa miezi. Basi usingoje mtu augue ndipo muanze kunawa.

Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kila utokapo chooni, ukimaliza kubadilisha nepi hata kama mtoto ni mzima, na kabla ya kugusa chakula. Sugua angalau sekunde 20. Kidole gumba na chini ya kucha ndipo wengi wanaporuka, na ndipo uchafu unapojificha. Kisha kausha kwa kitambaa safi. Jikoni, nyama mbichi iwe na kisu chake na ubao wake, na ipikwe iive hadi ndani.

Upande wa dawa, antibiotiki haitibu mafua. Ukiimeza bure, inaua bakteria wapole wa utumboni na kuwaachia nafasi walio sugu. Hao nao huwagawia wenzao vinasaba vya usugu, hata wa jamii nyingine. Kwa hiyo usimeze vidonge vilivyobaki vya mtu mwingine, nakuomba sana. Na ukiambiwa unabeba bakteria sugu ilhali huumwi, usitafute dawa ya kuwafukuza. Kwa kawaida haishauriwi, na wengi huwapoteza wenyewe polepole.

Mkojo ukianza kuchoma, toa sampuli kabla ya kidonge cha kwanza: acha mkojo wa mwanzo upite, kinga wa katikati kwenye chupa safi. Mtajie daktari antibiotiki ulizotumia miezi ya karibuni, na kama kuna mwenzako nyumbani aliyekutwa na bakteria sugu. Majibu huchukua siku kadhaa. Ukipata homa, kutetemeka au maumivu ya kiuno, usiyasubiri. Nenda hospitali siku hiyohiyo.